Nafasi na Ufundishaji wa Tiba ya Jamii katika Shahada ya Kwanza ya Udaktari: Mtazamo wa Afrika Mashariki

IKISIRI

Makala haya yanafafanua nafasi ya tiba ya jamii katika mafunzo ya shahada ya kwanza ya udaktari na namna somo hilo linavyofundishwa, kwa kurejelea zaidi Tanzania, Kenya na Uganda. Hoja kuu ni kwamba tiba ya jamii si nyongeza ya mihadhara ya kinga na takwimu juu ya masomo ya kitabibu, bali ni taaluma ya kutambua na kutibu ambayo mgonjwa wake ni jamii nzima. Makala yanaeleza usuli wa taaluma hiyo, yanaonesha kwa mifano jinsi inavyobadili uamuzi wa daktari, kisha yanajadili mambo manne yanayoamua kufaulu kwa ufundishaji wake: mahali pa kujifunzia, kazi anayopewa mwanafunzi, lugha anayoitumia na namna anavyopimwa. Inahitimishwa kwamba mafunzo ya kijijini yasiyorudisha chochote kwa wanakijiji humfunza mwanafunzi kinyume cha kile ambacho somo lilikusudia.

1.0 Utangulizi

Mhitimu wa udaktari katika Afrika Mashariki humaliza kipindi cha utarajali hospitalini, kisha huingia kazini. Anayepangiwa wilayani hukuta kazi mbili zikimsubiri kwa wakati mmoja. Kazi ya kwanza ameizoea: kuna mgonjwa kitandani, kuna dalili, kuna vipimo na kuna dawa. Kazi ya pili haina kitanda. Ripoti za zahanati zinamfikia mezani, akiba ya dawa haitoshi, kata moja imeripoti watoto wengi wanaoharisha, na kikao cha kupanga bajeti ya afya ya halmashauri kinataka kusikia daktari anashauri nini. Uamuzi atakaoutoa katika kikao hicho utawagusa watu wengi kuliko wote atakaowaona kliniki mwaka mzima, na walio wengi kati yao hatawaona kamwe.

Mafunzo ya shahada ya kwanza humwandaa daktari vizuri kwa kazi ya kwanza. Swali linalojadiliwa katika makala haya ni kama yanamwandaa kwa kazi ya pili, na kama hayamwandai, kasoro iko wapi. Somo linalobeba dhamana hiyo katika mitaala ya vyuo vingi ni tiba ya jamii. Hata hivyo, kuwapo kwa somo katika mtaala ni jambo moja, na kuwapo kwa umahiri kwa mhitimu ni jambo jingine. Tofauti kati ya mambo hayo mawili ndiyo kiini cha mjadala unaofuata.

2.0 Dhana ya Tiba ya Jamii

Istilahi mbili hutumika kwa kubadilishana ingawa hazina maana moja. Afya ya jamii ni uwanja mpana unaojumuisha kazi za maofisa afya, wahandisi wa maji, wataalamu wa lishe, walimu, viongozi wa serikali na wanajamii wenyewe katika kulinda uhai na siha ya watu. Tiba ya jamii ni tawi la udaktari. Ni sehemu ya kazi ya daktari inayohusika na kutambua hali ya afya ya kundi la watu, kueleza sababu zake, kuchagua hatua za kuchukua, na kupima kama hatua hizo zimeleta matokeo.

Kwa maana hiyo, tiba ya jamii inafuata mwenendo uleule wa kazi ya wodini. Daktari wa wodini huchukua historia ya mgonjwa, humpima, huagiza vipimo, hufikia utambuzi, hutibu na hufuatilia. Daktari anayeishughulikia jamii husikiliza historia ya mahali, huchunguza mazingira na kumbukumbu, hukusanya data, hufikia utambuzi wa hali ya afya ya jamii, hupanga hatua na hutathmini. Tofauti haiko katika mantiki bali katika mgonjwa. Mgonjwa wa wodini huja mwenyewe na kueleza kinachomsumbua. Jamii haiji yote, na wanaofika huwa si kielelezo sahihi cha wasiofika.

Uelewa huu una athari katika ufundishaji. Tiba ya jamii ikichukuliwa kuwa orodha ya mada, yaani epidemiolojia, takwimu, usafi wa mazingira, chanjo na uongozi wa huduma, kila mada hufundishwa na kutahiniwa peke yake. Ikichukuliwa kuwa mwenendo wa kutambua na kutibu, mada hizo huwa zana, na mwanafunzi hujifunza ni lini atumie zana ipi.

3.0 Usuli wa Kihistoria

3.1 Chimbuko la fikra

Fikra kwamba magonjwa hutokana na namna watu wanavyoishi ni kongwe. Mwaka 1790 daktari Johann Peter Frank alitoa hotuba katika chuo kikuu cha Pavia akidai kuwa umaskini wa watu ndio mama wa maradhi. Mwaka 1848 Rudolf Virchow alitumwa kuchunguza mlipuko wa homa ya chawa huko Silesia ya Juu. Badala ya kuandika orodha ya dawa, alipendekeza elimu, ajira na haki za kiraia kwa wakazi wa eneo hilo. Mwaka 1854 John Snow aliwaonesha wakuu wa London uhusiano kati ya vifo vya kipindupindu na pampu moja ya maji ya Broad Street kwa kuhesabu vifo na kuvioanisha na makazi, miongo kadhaa kabla ya nadharia ya vijidudu kukubalika na wengi.

Pamoja na hayo, mafunzo ya udaktari ya karne ya 20 yalichukua mkondo mwingine. Ripoti ya Abraham Flexner ya mwaka 1910 kuhusu vyuo vya udaktari vya Marekani na Kanada iliimarisha mtaala uliojengwa juu ya maabara na hospitali ya kufundishia. Mageuzi hayo yaliinua ubora wa sayansi ya tiba, lakini yaliifanya hospitali kubwa kuwa mahali pakuu pa kumwonea mgonjwa.

Udhaifu wa kumfunza daktari kupitia hospitali kubwa pekee ulibainishwa wazi mwaka 1961 na Kerr White pamoja na wenzake, kwa kutumia takwimu za Marekani na Uingereza. Walikadiria kwamba kati ya watu wazima 1,000, katika mwezi mmoja watu 750 hupatwa na ugonjwa au jeraha, 250 humwona daktari, 9 hulazwa, 5 hupelekwa kwa daktari mwingine, na mtu 1 tu hupelekwa hospitali ya chuo kikuu. Mwanafunzi wa udaktari hufunzwa kwa huyo mmoja. Takwimu hizo si za Afrika, lakini hoja yake inavuka mipaka: anachokiona mwanafunzi katika hospitali ya rufaa ni kile kilichobaki baada ya chujio nyingi, nazo ni umbali, gharama, imani, rufaa na kifo.

3.2 Afrika na Afrika Mashariki

Barani Afrika, Sidney Kark na Emily Kark walianzisha mwaka 1940 kituo cha afya cha Pholela huko Natal, Afrika Kusini. Kituo hicho kiliunganisha matibabu ya mtu mmoja mmoja na utafiti wa kaya zote zilizokizunguka. Katika Afrika Mashariki, Chuo cha Makerere kilikitumia kituo cha afya cha Kasangati, nje ya Kampala, kuwafunza wanafunzi huduma za jamii. Kitabu kilichohaririwa na Maurice King mwaka 1966 kutokana na kongamano la Makerere kilisisitiza kwamba huduma za tiba katika nchi maskini zipangwe kwa kuanzia kwenye mahitaji ya watu na uwezo uliopo, si kwa kunakili hospitali za nchi tajiri.

Nchini Tanzania, Shule ya Udaktari ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963, ikawa kitivo mwaka 1968, chuo kikuu kishiriki mwaka 1991, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili mwaka 2007. Kukua kwake kulikwenda sambamba na sera iliyoelekezwa vijijini baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kujifunza kwa redio na vijitabu, wakijadili malaria, minyoo ya safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu, na kuchukua hatua katika vijiji vyao. Miaka mitano baadaye, Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 liliifanya huduma ya afya ya msingi kuwa mwelekeo wa dunia.

Vyuo vililazimika kujibu. Mwaka 1979 ulianzishwa mtandao wa kimataifa wa vyuo vya sayansi za afya vinavyoelekeza mafunzo yake kwa jamii. Kitivo cha Sayansi za Afya cha Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1990 kikiwa na mtaala unaowapeleka wanafunzi katika jamii kwa hatua mfululizo. Huanza kwa kuifahamu jamii, huendelea kwa kutambua hali yake ya afya, huandaa pendekezo la utafiti, huutekeleza, na mwishowe hufanya kazi na watumishi wa afya wa wilaya. Makerere ilifanya mageuzi ya mwelekeo huohuo mwaka 2003. Historia hii inaonesha kwamba wazo la tiba ya jamii halikuletwa Afrika Mashariki kama jambo geni. Sehemu ya mizizi yake imo humuhumu.

4.0 Tiba ya Jamii katika Uamuzi wa Daktari

Dai kwamba tiba ya jamii ni sehemu ya udaktari linahitaji kuthibitishwa kwa kuonesha inavyobadili uamuzi. Mifano minne inafuata. Takwimu za mifano miwili ya kwanza ni za kubuni na zimewekwa kwa ajili ya ufafanuzi tu.

4.1 Umuhimu wa asili

Tuseme rejesta ya zahanati inaonesha wagonjwa 40 wa kuhara kutoka kijiji cha kwanza na 25 kutoka kijiji cha pili katika mwezi mmoja. Daktari anayesoma idadi hizo peke yake atapeleka dawa na watumishi katika kijiji cha kwanza. Lakini kijiji cha kwanza kina watu 4,000 na cha pili kina watu 1,000. Kiwango cha kuugua ni wagonjwa 10 kwa kila watu 1,000 katika kijiji cha kwanza na 25 kwa kila watu 1,000 katika kijiji cha pili. Tatizo kubwa liko kijiji cha pili. Zaidi ya hapo, kama kijiji cha pili kiko mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka zahanati, ni dhahiri kwamba wengi walioharisha hawakufika, hivyo kiwango halisi ni kikubwa kuliko kilichoandikwa.

Rejesta humpa daktari kiasi bila asili. Wodi nayo hufanya hivyohivyo: huonesha waliougua, haioneshi walikotoka wala wangapi wamebaki. Kumfunza mwanafunzi kuuliza swali la asili, yaani kati ya watu wangapi, ni kumpa zana ambayo hataipata kwenye mafunzo ya kitandani.

4.2 Maana ya kipimo hutegemea mahali

Mfano wa pili unahusu maabara. Chukua kipimo kinachotambua kwa usahihi wagonjwa 90 kati ya kila wagonjwa 100, na wasio wagonjwa 90 kati ya kila 100 wasio na ugonjwa. Katika kliniki ya rufaa ambako nusu ya wanaopimwa wana ugonjwa, kati ya watu 1,000 wagonjwa watakuwa 500, na kipimo kitawabaini 450. Kati ya wasio wagonjwa 500, kipimo kitawadhania 50. Kwa hiyo majibu 450 kati ya 500 yanayoonesha ugonjwa ni ya kweli, sawa na asilimia 90.

Kipimo hichohicho kikipelekwa kijijini ambako ni asilimia 2 tu ya watu wenye ugonjwa, kati ya watu 1,000 wagonjwa ni 20 na kipimo kitawabaini 18. Wasio wagonjwa ni 980 na kipimo kitawadhania 98. Majibu yanayoonesha ugonjwa yatakuwa 116, na ya kweli kati yake ni 18, yaani takriban asilimia 16. Kipimo hakijaharibika, kilichobadilika ni watu wanaopimwa. Daktari asiyelifahamu jambo hili atawatibu wazima wengi, atamaliza dawa na atawatia hofu watu wasio na ugonjwa, huku akiamini kwamba anafuata sayansi.

4.3 Ngazi za sababu

Mfano wa tatu ni wa kihistoria. Kuanzia mwaka 1983, vijiji 168 vya mkoa wa Iringa viliingia katika mpango wa lishe ulioendeshwa na Serikali ya Tanzania kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani na UNICEF. Watoto wa chini ya miaka mitano walipimwa uzito mara kwa mara kijijini, matokeo yakajadiliwa na wanakijiji wenyewe, na hatua zikachukuliwa kwa kadiri ya uwezo wa kaya, kijiji na ngazi za juu. Mzunguko huo wa kutathmini, kuchambua na kuchukua hatua ulirudiwa kila baada ya kipimo kipya.

Uzoefu wa Iringa ulichangia mfumo wa kueleza sababu za utapiamlo ambao UNICEF iliutangaza mwaka 1990. Mfumo huo unatenganisha sababu za karibu, ambazo ni chakula pungufu na maradhi; sababu zilizo nyuma yake, ambazo ni upatikanaji wa chakula katika kaya, matunzo ya mama na mtoto, huduma za afya na usafi wa mazingira; na sababu za msingi zinazotokana na mgawanyo wa rasilimali na mamlaka. Mwanafunzi anayemtibu mtoto mwenye utapiamlo mkali wodini hushughulikia ngazi ya kwanza, na huo ni wajibu usioepukika kwa kuwa mtoto anaweza kufa. Lakini asipofahamu kwamba mama wa mtoto huyo hulima mchana kutwa na mtoto hula mara mbili tu kwa siku, atamruhusu mtoto kurudi katika hali ileile iliyomleta.

4.4 Mgonjwa mmoja, wengi walio hatarini

Mfano wa nne ni wa kila siku. Mgonjwa wa kifua kikuu anayeanzishiwa dawa si mwisho wa utambuzi. Swali la pili ni nani analala naye chumba kimoja, na kama kuna mtoto wa chini ya miaka mitano nyumbani, kwa kuwa mtoto huyo yumo katika hatari kubwa na anahitaji kuchunguzwa na kupewa kinga. Hapa tiba ya mtu na tiba ya jamii hazitenganishwi na chochote isipokuwa swali moja ambalo daktari ameliuliza au hakuliuliza.

5.0 Ufundishaji wa Tiba ya Jamii

5.1 Mahali pa kujifunzia

Epidemiolojia inaweza kuelezwa darasani, lakini ugumu wa kuitumia hauonekani darasani. Data za mazoezi zilizoandaliwa na mwalimu huwa kamili. Vitabu vya MTUHA katika zahanati huwa na nafasi zilizoachwa wazi, umri uliokadiriwa, na ugonjwa ulioandikwa kwa namna tofauti na watumishi tofauti. Mwanafunzi aliyewahi kuketi na muuguzi wa zahanati na kuelewa kwa nini safu fulani haijajazwa, kwamba siku hiyo mtumishi alikuwa peke yake na mzazi alikuwa anajifungua, hujifunza jambo la takwimu na la utu kwa wakati mmoja.

Mahali pekee hapatoshi. Ziara ya siku moja ya kutazama chanzo cha maji na kupiga picha haina tofauti kubwa na muhadhara. Kinachofaa ni kukaa muda wa kutosha kuona matokeo ya kazi, na kurudi zaidi ya mara moja katika miaka tofauti ya masomo, kama mfululizo wa Moi unavyokusudia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hujifunza kusikiliza. Wa mwaka wa tatu hujifunza kupima. Wa mwaka wa tano anapaswa kuwa na uwezo wa kushauri.

5.2 Kazi ya kweli

Zoezi la msingi la somo hili ni utambuzi wa hali ya afya ya jamii. Hatua zake zinafahamika: kupata ridhaa ya uongozi na ya wanakaya, kusoma kumbukumbu zilizopo, kuchagua sampuli ya kaya, kuhoji na kushuhudia, kuchambua, kupanga vipaumbele na kutoa mrejesho. Kasoro hutokea mwishoni. Hojaji hujazwa, ripoti hufungwa na kukabidhiwa idarani, mwanafunzi hupata alama, na kijiji hakisikii tena neno. Hatua ya kupanga vipaumbele nayo mara nyingi hufanywa bwenini, kwa jedwali la alama, bila mwanakijiji hata mmoja kuwapo.

Zoezi likiishia hapo, mwanafunzi amefunzwa kukusanya. Likifika katika mkutano wa kijiji, ambako matokeo yanasomwa mbele ya waliohojiwa nao wana haki ya kuyakataa, mwanafunzi hufunzwa kuwajibika. Huenda akabaini kwamba tatizo aliloliweka namba moja, mathalani vyoo, wanakijiji wanaliweka namba nne, kwa sababu maji yenyewe yako mbali na choo kisicho na maji hakisafishiki. Hilo si pingamizi dhidi ya sayansi. Ni data ambayo hojaji haikuiuliza.

5.3 Lugha ya mafunzo na lugha ya jamii

Wanafunzi wa udaktari hufundishwa kwa Kiingereza na huhoji kwa Kiswahili au lugha nyingine za jamii. Kati ya lugha hizo mbili maana hupotea. Mfano unaofahamika katika utafiti wa malaria nchini Tanzania, hususan ukanda wa pwani, ni neno degedege. Kwa daktari, degedege la mtoto mwenye homa katika eneo la malaria ni dalili ya hatari inayoashiria uwezekano wa malaria kali. Kwa wazazi wengi, homa ya malaria huletwa na mbu na hutibiwa hospitalini, ilhali degedege ni ugonjwa mwingine wenye chanzo kingine, na hupelekwa kwanza kwa mganga wa jadi.

Hojaji inayouliza kama mtoto aliwahi kuugua malaria inaweza kupata jibu la hapana kutoka kwa mama ambaye mtoto wake alinusurika malaria kali. Jibu hilo ni la kweli kwa mama na la uongo katika jedwali. Vivyo hivyo, ujumbe wa elimu ya afya unaotaja malaria pekee hautamfikia mzazi wakati mtoto wake anapopatwa na degedege, ambao ndio wakati wa hatari kubwa. Kwa hiyo, kujifunza majina ya maradhi kama yanavyotumiwa na watu, na mipaka ya maana zake, ni sehemu ya epidemiolojia. Mwanafunzi mwenye Kiswahili fasaha asijidanganye kwamba tayari anaelewana na anayemhoji, maana neno moja linaweza kubeba maradhi mawili.

5.4 Upimaji

Wanafunzi husoma kile kinachotahiniwa. Mtihani ukidai kutajwa kwa hatua za uchunguzi wa mlipuko, watazikariri hatua hizo. Ukimpa mwanafunzi ukurasa wa rejesta wenye kasoro, ramani ya kata na bajeti isiyotosha, kisha ukamtaka aamue na atetee uamuzi wake, atajifunza kuamua. Mwelekeo wa mitaala inayozingatia umahiri, ambao Muhimbili iliuanza mwaka 2011, unatoa fursa ya kufanya hivyo, kwa kuwa unauliza mhitimu anaweza kutenda nini badala ya kuuliza amehudhuria vipindi vingapi.

Hatua yenye tija zaidi ni kuingiza tiba ya jamii ndani ya mitihani ya kitabibu yenyewe. Mtahini wa magonjwa ya watoto anaweza kuuliza, baada ya utambuzi na tiba, ni watoto gani wengine wamo hatarini na kipi kifanyike kabla ya mtoto huyu kuruhusiwa. Swali hilo likiulizwa na daktari bingwa wa watoto, halitaonekana tena kuwa la idara nyingine.

6.0 Changamoto

Changamoto tatu zinajitokeza. Ya kwanza ni idadi. Udahili umeongezeka, na kundi kubwa la wanafunzi linahitaji usafiri, malazi na wasimamizi ambao bajeti za vyuo haziwamudu kwa urahisi. Matokeo yake ni kufupisha muda wa kukaa katika jamii. Njia mojawapo ya kulikabili hili ni kugawa wanafunzi katika makundi madogo yanayopelekwa wilaya mbalimbali kwa zamu, na kuwapa watumishi wa afya wa wilaya hadhi na malipo ya walimu badala ya kuwageuza wenyeji tu.

Ya pili ni heshima. Mwanafunzi hujifunza mengi kwa kutazama walimu wake wanathamini nini. Somo linalopangiwa saa za mwisho wa juma, na linalotajwa kwa mzaha wodini, huwa limeshapoteza mvuto kabla ya mwalimu wake kuingia darasani. Hali hii haitabadilishwa kwa kuongeza saa za somo, bali kwa kuwaleta walimu wa wodini na wa tiba ya jamii mbele ya mgonjwa mmoja.

Ya tatu ni ya kimaadili. Vijiji vilivyo karibu na vyuo hutembelewa tena na tena kwa kuwa vinafikika. Wakazi wake hujibu maswali yaleyale kila mwaka, wakiacha shamba na jiko. Mwaka 1995 Shirika la Afya Duniani lilieleza uwajibikaji wa vyuo vya udaktari kwa jamii kuwa ni wajibu wa kuelekeza elimu, utafiti na huduma katika mahitaji ya kwanza ya afya ya watu ambao vyuo hivyo vina dhamana ya kuwahudumia. Kwa kipimo hicho, kijiji kilichohojiwa mara kumi bila kuona badiliko kimekuwa maabara, na waliohojiwa wamekuwa vielelezo. Mwanafunzi anayeshiriki katika jambo hilo hufunzwa, bila mtu kumwambia, kwamba taarifa za maskini ni bure. Atalibeba funzo hilo hadi ofisini kwake.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba tiba ya jamii ni taaluma ya utambuzi na tiba kwa kundi la watu, kwamba fikra zake zina mizizi Ulaya na Afrika, na kwamba inabadili uamuzi wa daktari katika kusoma rejesta, kufasiri vipimo, kueleza sababu za ugonjwa na kumwona aliye nyuma ya mgonjwa. Ufundishaji wake hufanikiwa pale mwanafunzi anapokaa katika jamii kwa muda wa kutosha, anapopewa kazi yenye matokeo, anapoielewa lugha ya watu anaowahoji, na anapopimwa kwa uamuzi wake.

Kutokana na hayo, mambo mawili yanapendekezwa. Kwanza, kila zoezi la utambuzi wa hali ya afya ya jamii liwe na mrejesho kwa wanajamii kama sharti la kupata alama, na kundi la wanafunzi linalofuata lianze kazi yake kwa kusoma kile ambacho kundi lililotangulia liliahidi. Pili, mtihani wa mwisho wa kila somo la kitabibu uwe na angalau swali moja linalomtoa mtahiniwa kitandani na kumpeleka nyumbani kwa mgonjwa. Mapendekezo haya hayahitaji idara mpya wala mtaala mpya. Yanahitaji vyuo vikubali kwamba daktari anayeweza kumponya mtoto mmoja, lakini hawezi kueleza kwa nini watoto wa kijiji kilekile wanarudi wodini kila msimu, bado hajamaliza masomo yake.